SUZANNE LENGLEN: MALKIA ALIYEZOMEWA

Mwanamichezo shujaa akitajwa, wengi wetu huwaza wakimbiaji au wachezaji wa kandanda. Mimi leo nawaletea mcheza tenisi, tena si wa juzi, kwani aliaga dunia mwaka wa 1938. Jina lake ni Suzanne Lenglen, mzaliwa wa Ufaransa. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanagusa swali ambalo hapa shuleni hutuletea ubishi kila muhula wa michezo: mchezaji akiugua au akiumia, kisha akatoka uwanjani, je, huyo ni mwoga? Na sisi tunaosimama kando ya uwanja, tuna haki gani ya kumzomea?

Suzanne alizaliwa mjini Paris tarehe 24 Mei, 1899. Tangu utotoni hakuwa na afya nzuri. Alikuwa na pumu, na wazazi wake walikuwa wakimhofia sana. Mwaka wa 1910 babake, Bwana Charles Lenglen, alimnunulia raketi akitumaini kwamba mazoezi yatampa nguvu. Kumbe mtoto alikuwa na kipawa! Basi mazoezi yakageuka kazi ya kila siku. Mzee alikuwa akitandaza leso uwanjani, na binti sharti aipate kwa mpira. Akiipata, leso inahamishwa mahali pengine, na kazi inaanza upya. Samaki mkunje angali mbichi, nao mkunjo huo ulifaa, maana mwaka wa 1914, akiwa ametimiza miaka 15 tu, Suzanne alishinda mashindano ya dunia ya viwanja vya udongo huko Saint-Cloud.

Mara Vita Vikuu vya Kwanza vikaanza, na mashindano makubwa yakasimama. Vilipokwisha, Suzanne alikwenda Wimbledon, Uingereza, mwaka wa 1919. Katika fainali alipambana na Dorothea Lambert Chambers, mama wa miaka 40 aliyekuwa ameshinda hapo mara 7. Mfalme George wa Tano na Malkia Mary walikuwa wakitazama. Mechi ilikuwa moto wa kuotea mbali! Mara mbili Bi. Chambers alibakiza pointi moja tu apate ushindi, na mara zote mbili Suzanne akaponea chupuchupu. Mwishowe Mfaransa alishinda 10–8, 4–6, 9–7. Mwaka uliofuata alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Olimpiki mjini Antwerp.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Mwaka wa 1921 Suzanne alipanda meli kwenda Marekani. Alikuwa amekubali kucheza huko ili kuchangisha fedha za kusaidia sehemu za Ufaransa zilizoharibiwa na vita. Kabla ya safari alikuwa mgonjwa, na alifika siku chache tu kabla ya mashindano ya Forest Hills, New York. Mpinzani wake wa kwanza hakucheza, kwa hivyo moja kwa moja akakutanishwa na Molla Mallory, bingwa wa Marekani. Watazamaji wapatao 8,000 walikuwa wamejaa pomoni. Seti ya kwanza Suzanne alilala 6–2. Seti ya pili ilipoanza akawa anakohoa. Alipoteza pointi ya kwanza. Kisha akaanzisha mpira mara mbili, na mara zote mbili ukaenda vibaya. Akaenda kwa mwamuzi huku akilia, akasema hawezi kuendelea. Akatoka.

Lahaula! Watu walimzomea kama mwizi wa kuku. Magazeti nayo yakamkejeli kwamba kikohozi chake kilikuwa kisingizio cha mtu asiyejua kushindwa.

Hapa naomba niseme langu. Mimi pia nina pumu. Kifua kikibana, si maneno ya kuigiza. Hewa unaiona imejaa kila mahali lakini haiingii, na miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Aliye kando ya uwanja haoni chochote, anaona tu mtu mzima amesimama na miguu yake miwili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu katika mechi ya voliboli baina ya madarasa. Alichechemea hadi nje, akapokelewa kwa vicheko. Kesho yake mguu ulikuwa umevimba kama kiazi, na wale waliocheka wote walikuwa kimya.

Hata hivyo sitaki kumpaka Suzanne mafuta. Alikuwa mtu wa kudeka na wa machozi ya karibu, na katikati ya mechi alizoea kunywa brandi kidogo ati impe nguvu, jambo ambalo mwanafunzi asiliige asilani! Lakini mwoga? La hasha! Mwaka uliofuata, 1922, alikutana tena na Mallory katika fainali ya Wimbledon. Alimchapa 6–2, 6–0, na mechi haikufika hata nusu saa. Mtu mwoga angelimkimbia mpinzani huyo, na ilhali yeye alimngoja. Kwa jumla alitwaa ubingwa wa Wimbledon mara 6: mfululizo kutoka 1919 hadi 1923, kisha 1925. Mwaka wa 1924 alijiondoa kwa sababu ya ugonjwa ule unaogeuza macho na ngozi kuwa manjano. Aliporudi 1925 alipoteza gemu 5 tu katika mashindano yote ya mchezaji mmoja mmoja. Si utani, gemu tano!

Kuhusu uungwana, nitawapa mfano wa tarehe 16 Februari, 1926, huko Cannes. Siku hiyo alicheza na Helen Wills, msichana Mmarekani wa miaka 20. Watu walikuwa wengi hata wengine wakapanda juu ya miti na mapaa ili waone. Suzanne alishinda seti ya kwanza 6–3. Katika seti ya pili, alipobakiza pointi moja, mpira wa Wills ulianguka karibu na mstari, na sauti ikasikika ikisema umetoka nje. Wachezaji wakapeana mikono. Watu wakamiminika uwanjani na maua. Mara mwamuzi wa mstari akapenya umati akaeleza kwamba hakuwa yeye aliyepaza sauti. Alikuwa mtazamaji! Mpira ulikuwa ndani. Hebu fikiri ungekuwa wewe, umeshabeba maua tayari. Suzanne alirudi mahali pake akaendelea kucheza. Wills akasawazisha, lakini mwishowe Suzanne akashinda 8–6. Mdomo wa shabiki mmoja nusura uharibu mechi nzima, na waliotengeneza mambo ni mwamuzi msema kweli na mchezaji aliyekubali kurudi.

Miezi michache baadaye, Wimbledon, mambo yalienda mrama. Ratiba ilibadilishwa bila yeye kupata habari, akafika amechelewa na kumbe Malkia Mary alikuwa amekaa akimngoja. Alipojua alivunjika moyo kabisa. Alipotokea tena uwanjani, watazamaji waliokuwa wakimshangilia miaka yote walimpokea kwa kelele za chuki. Akajiondoa, asirudi kucheza Wimbledon tena.

Mwaka huohuo akawa mchezaji wa kulipwa, nyota wa kwanza mkubwa miongoni mwa wanawake kufanya hivyo katika tenisi. Wengi walimlaumu. Yeye aliona kwamba vilabu vilikuwa vikipata fedha nyingi za viingilio huku mchezaji anayewaleta watu akirudi nyumbani mikono mitupu. Chini ya mfanyabiashara C. C. Pyle alizunguka Marekani akicheza na Mary K. Browne mara 38, akashinda zote. Baadaye alifungua shule ya tenisi mjini Paris.

Dunia ni duara. Mwaka wa 1933 Helen Wills, yule wa Cannes, alitoka katikati ya fainali palepale Forest Hills kwa maumivu ya mgongo, naye akasemwa vibaya vilevile. Tarehe 2 Julai, 1938, alishinda Wimbledon mara ya nane. Siku mbili baadaye, tarehe 4 Julai, Suzanne alifariki Paris kwa upungufu mbaya wa damu, akiwa na miaka 39 tu. Yule mtoto mgonjwa aliyedhaniwa anajifanya alikufa kijana.

Leo kombe la wanawake la Roland Garros lina jina lake, na tangu 1997 uwanja mmoja mkubwa wa hapo unaitwa Suzanne Lenglen. Mahali hapo wanashangilia watu wasiohesabika, lakini zile kelele za 1921 na 1926 hakuna awezaye kuzirudisha kinywani.

Basi wenzangu, kushangilia ni haki yetu na mchezo bila kelele haunogi. Imbeni, pigeni ngoma, rukeni! Lakini mchezaji akishika kifua au akichechemea, awe wa darasa letu au wa wapinzani, tumpishe apite, mmoja amletee maji na mwingine amwite mwalimu. Kama alikuwa akijifanya, mechi ijayo itasema. Kama alikuwa akiumwa kweli, tutakuwa hatuna deni kwake.

Mwanachama, Kidato cha Tatu