Maisha ya Marehemu Prince Badru Kakungulu

Marehemu Prince Badru Kakungulu alizaliwa Buganda mwaka wa 1907. Baba yake, Prince Nuhu Mbogo, nduguye Kabaka Mutesa wa Kwanza, ndiye aliyekuwa kiongozi wa Waislamu siku za vita vya dini, akahamishwa Zanzibar mwaka wa 1893 na kurudishwa mwaka wa 1895. Mzee huyo alipofariki mwaka wa 1921, Badru alikuwa kijana wa miaka 14 tu.

Alisomeshwa King's College Budo, skuli ya Wakristo, na hapo pana jambo la kuzingatiwa. Zama hizo karibu skuli zote za Uganda zilikuwa mikononi mwa wamishonari, na wazazi wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto wao wasije wakabatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini mtoto akatoka chuoni anaisoma Qurani vizuri, na barua ya Serikali ikija hana budi kutafuta wa kumsomea. Akawa mchinjaji, au dereva, au mchuuzi. Kazi za halali hizo, ila afisini Mwislamu hakuonekana. Badru alitoka Budo na Uislamu wake mzima, naye akajua kwamba ubaya haukuwa katika elimu.

Basi mwaka wa 1944 yeye na wenzake waliunda Chama cha Elimu ya Waislamu wa Uganda, na mwaka uliofuata ikaanzishwa skuli ya sekondari ya Kibuli, juu ya ardhi aliyoitoa mwenyewe. Msikiti wa Kibuli ulifunguliwa mwaka wa 1951. Skuli za chama zilienea hata nje ya Buganda, Qurani na hesabu zikafundishwa chini ya paa moja.

Taabu hazikukosa. Mwaka wa 1965 ilizuka jumuiya nyingine, NAAM, iliyosaidiwa na wakubwa wa Serikali, Waislamu wakagawanyika hata misikitini. Ugomvi huo ulikula nguvu nyingi ambazo zingalijenga madarasa. Mwaka wa 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu ili kuwaunganisha, wala fitina haikwisha mara moja.

Alijaliwa kuishi hata Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale mwaka wa 1988, mahali ambapo kijana wa Bulumbi hufika upesi kuliko kwenda Kampala. Alifariki mwaka wa 1991, Mwenyezi Mungu amrehemu.