Agner Krarup Erlang, mwalimu wa Denmark aliyepima foleni za simu

Mtu akipiga simu kwenye huduma ya wateja, mara nyingi anaombwa avumilie kwa sababu wahudumu wote wana kazi. Wakati anangoja, programu ya kituo inahesabu simu zilizoingia, inazigawa kwa wahudumu, kisha inamtolea mkubwa wa kituo ripoti ya siku. Katika kazi hiyo kuna neno moja ambalo ni jina la mtu: erlang.

Agner Krarup Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, nchini Denmark. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Inasimuliwa kwamba ndugu yake Frederik alipokuwa akisoma jioni, Agner aliketi mbele yake na kukisoma kitabu kilekile kikiwa kichwa chini. Akiwa na miaka 14 alifaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, kwa ruhusa maalum kwani umri wake ulikuwa bado mdogo. Alimaliza masomo ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka wa 1901, kisha akafundisha shuleni kwa miaka kadhaa.

Katika chama cha wanahisabati alikutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka wa 1908 kampuni hiyo ilimwajiri. Wakati ule simu nyingi zilipitia mikononi mwa wanawake waliokaa mbele ya ubao na kuunganisha nyaya. Swali lilikuwa hili: laini ngapi na wafanyakazi wangapi wanatosha? Wakiwa wachache, watu wanangoja; wakiwa wengi, pesa inapotea bure.

Mwaka wa 1909 Erlang alionyesha kwamba, ingawa hakuna anayejua nani atapiga simu dakika gani, simu nyingi kwa pamoja zinafuata kanuni ya bahati inayoweza kuhesabiwa. Mwaka wa 1917 alitoa kanuni mbili ambazo zingali zinatumika. Ile inayoitwa Erlang B inahesabu simu zinazokataliwa laini zikijaa. Erlang C inahesabu simu zinazowekwa kwenye foleni.

Erlang moja ni laini moja iliyo na mazungumzo saa nzima bila kupumzika. Kwa mfano, simu 120 kwa saa, kila moja ya dakika 3, ni dakika 360, yaani erlang 6. Mtu angesema laini 6 zinatosha. Lakini watu hawapigi kwa zamu. Kwa laini 6, karibu simu 26 kati ya 100 zitakataliwa. Kwa laini 10, zitabaki kama 4. Na pale ambapo simu zinangoja badala ya kukataliwa, wahudumu 6 kwa mzigo huo wataacha foleni ikizidi kurefuka.

Erlang hakufanya kazi ya mezani tu. Alitembea katika barabara za Copenhagen pamoja na mfanyakazi aliyebeba ngazi, akiingia katika mashimo ya nyaya ili apime umeme unaopotea. Hakuoa. Maskini waliokuja kumwomba aliwasaidia bila kujionyesha. Alifariki tarehe 3 Februari 1929 kisha kufanyiwa upasuaji wa tumbo, akiwa na miaka 51.

Mwaka wa 1946 kamati ya kimataifa ya simu ilikubali jina lake liwe kipimo cha mzigo wa simu. Kanuni yake ya foleni ilikuwa na pengo moja: inachukulia kwamba kila anayepiga atangoja mpaka mwisho. Mwaka huohuo wa 1946 Conny Palm, raia wa Sweden, aliingiza katika hesabu wale wanaochoka na kukata.

Kwa hiyo leo ripoti za vituo zinaonyesha pia simu zilizokatwa kabla ya kujibiwa, pembeni ya muda wa kungoja. Mkubwa wa kituo akipunguza wahudumu hadi idadi yao ilingane na erlang zake, hasara haionekani katika mishahara. Inaonekana katika safu hiyo, na aliyeilipa ni mtu aliyengoja na simu sikioni mpaka unite zake zikaisha ao akakata tamaa.