Thomas Midgley: Mtu Aliyetia Risasi Katika Petroli

Marubani wa Uingereza walipopambana na Wajerumani angani mwaka wa 1940, sifa zilikwenda kwa ndege za Spitfire na Hurricane. Petroli iliyokuwa matangini haikutajwa sana, wala jina la Thomas Midgley.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 mjini Beaver Falls, Marekani. Alihitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa 1911, na mwaka wa 1916 akaajiriwa na Charles Kettering huko Dayton, Ohio. Kazi aliyopewa ni kutafuta dawa ya injini kugonga. Petroli dhaifu ikishindiliwa mno pamoja na hewa ndani ya silinda, hulipuka kwa ghafla badala ya kuwaka sawasawa, na pistoni huweza kutoboka. Midgley alijaribu kemikali chungu nzima hadi Desemba 1921, alipoipata dawa hiyo katika kiowevu chenye madini ya risasi. Kiasi kidogo tu kilitosha kuituliza injini.

Faida yake ilidhihirika vitani. Injini ya Merlin ilikuwa na pampu ya kusukumia hewa ndani ya silinda. Kwa petroli ya oktani 87, kikomo kilikuwa ratili 6 na robo kwa inchi ya mraba. Ilipokuja ya oktani 100, iliyotiwa risasi, rubani aliyebanwa na adui aliruhusiwa ratili 12 kwa dakika tano, na katika anga ya chini injini ikatoa takriban nguvu za farasi 1,300. Mwaka wa 1944, kwa petroli bora zaidi, baadhi ya Spitfire zilifikia ratili 25 zikikimbiza mabomu ya V-1.

Lakini risasi ni sumu, na Midgley alilijua hilo mwilini mwake, kwani aliugua kwayo mwaka wa 1923. Oktoba 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walipoteza akili, wakafa. Hata hivyo, mwezi huo huo alinawa dawa hiyo mbele ya waandishi wa habari na kuuvuta mvuke wake, ili aonyeshe kuwa haina madhara.

Mwaka wa 1940 alipooza kwa polio. Akabuni kamba na kapi za kumwinua kitandani, na tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amenyongwa na kamba hizo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Moshi wa risasi uliendelea kudhuru akili za watoto mijini kwa miaka mingi. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha petroli hiyo kufikia Januari 2006, na mnamo Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kuwa haiuzwi tena kwa magari popote duniani.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya elimu isiyo na manufaa. Elimu ya Midgley ilikuwa na manufaa. Alichokosa ni kuisema kweli yake yote.