Puto lililotengenezwa jikoni

Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo anaweza kurudi kliniki akiwa amenawiri, kisha daktari akasema mshipa ulioshonwa umeanza kujibana. Mzazi hushtuka: atapasuliwa kifua tena? Mara nyingi siku hizi hapana, na wa kumshukuru ni Andreas Gruentzig.

Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1939, akafanya kazi Zurich, Uswisi. Alijifunza mbinu ya Mmarekani Charles Dotter, ambaye mwaka 1964 alizibua mshipa wa mguu wa bibi kikongwe kwa kupitisha mrija mwembamba, kisha mnene zaidi. Gruentzig aliona puto lingefaa zaidi. Lakini puto laini likikuta sehemu ngumu huvimba mbele na nyuma yake, penye ugumu pakabaki vilevile. Alihitaji puto linalojaa hadi kipimo fulani na kukomea hapo. Basi jioni, kwenye meza ya jikoni, yeye, mkewe na msaidizi wake walikata plastiki, wakafunga nyuzi na kupaka gundi, mpaka wakalipata. Mwaka 1974 alipanua mshipa wa mguu. Septemba 16, 1977 akapanua mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38, umri wake mwenyewe.

Hao walikuwa watu wazima, ambao mishipa yao huzibwa na mafuta. Kwa mtoto aliyepasuliwa, tatizo mara nyingi ni kovu la mshono, lisilokua sawa na mwili wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa watoto walianza kulitumia puto. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, mrija hupitishwa kinenani, puto hujazwa kwa muda mfupi na kutolewa. Mshipa ukijibana tena, huenda akawekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, nacho huweza kupanuliwa anapokua. Hatari ipo, maana mshipa unaweza kuchanika. Ndiyo maana kazi hii hufanyika penye wapasuaji wa moyo.

Gruentzig alifariki Oktoba 1985 nchini Marekani, akiirusha ndege yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 46.

Kama mwanao alifanyiwa upasuaji wa mshipa mkuu utokao moyoni, usikatishe kliniki kwa kuwa anacheza vizuri. Omba apimwe presha mkononi na mguuni. Ya mkononi ikiizidi sana ya mguuni, huenda mshipa umejibana tena.