Mzee Zdarsky na Theluji

Mimi sijapata kukanyaga theluji maishani mwangu, lakini niliposoma habari za mzee huyu niliona si vema nikae nazo peke yangu.

Mathias Zdarsky alizaliwa mwaka 1856 huko Moravia, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Austria. Alikuwa mwalimu, kisha akahamia shambani milimani, karibu na mji wa Lilienfeld. Aliposoma jinsi Nansen alivyovuka Greenland mwaka 1888 kwa skii, yaani mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, akaagiza zake kutoka Norway. Kumbe hazikufaa miteremko mikali. Basi akazifupisha, akabuni chuma cha kushikia kiatu, akajizoeza kugeuka kwa fimbo moja tu. Baadaye watu wengi sana walijifunza kwake.

Ila mteremko mzuri wa kutelezea ndio huo huo uporomokao. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, na upepo huipeleka ikajazana upande wa pili wa mlima. Pengine juu ni ngumu, na chini yake mna chembe zisizoshikana, mfano wa sukari. Mteremko ukizidi digrii 30, uzito wa mtu mmoja waweza kulivunja tabaka, na upande mzima ukashuka. Kwa hiyo wasafiri wa huko huchimba shimo wakatazama matabaka, tena husikiliza. Theluji ikitoa mshindo mzito chini ya miguu, hurudi.

Katika Vita Kuu ya kwanza Zdarsky alifundisha askari wa Austria milimani. Tarehe 28 Februari 1916, siku tatu tu baada ya kutimiza miaka 60, alikwenda kuwaokoa askari waliofukiwa. Mtu wa elimu yake hakukosa kujua kwamba mlima ulioporomoka waweza kuporomoka tena. Nimejiuliza kama angeweza kukataa; sidhani. Poromoko jingine likamchukua yeye.

Alitolewa hai, mifupa imevunjika na kuteguka mahali kama 80. Akajizoeza kutembea upya, na hata skii akazipanda tena. Mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya maporomoko ya theluji, na mambo yaliyompata mwenyewe akayaeleza humo. Alifariki mwaka 1940, mwenye umri wa miaka 84.