Dietrich Bonhoeffer na Nyumba ya Ndugu

Kila tarehe 9 Aprili Kanisa la Uingereza katika kalenda yake humkumbuka Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, aliyenyongwa siku hiyo mwaka 1945. Sanamu yake ya mawe imesimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey huko London tangu mwaka 1998, pamoja na mashahidi wengine 9 wa karne ya ishirini, akiwamo Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Watu wengi humjua kwa kifo chake tu. Sisi leo hatutaki kuanza na kamba. Tunataka kusimulia habari za nyumba moja aliyoisimamia kwa miaka miwili na kitu, na jinsi watu walivyoishi ndani yake, kwa kuwa tunaona habari hizo zinatugusa sisi tunaokaa kwenye benchi moja kila Jumapili.

Alizaliwa Breslau tarehe 4 Februari 1906, pacha na dada yake Sabine, katika jamaa ya watoto 8. Baba yake, Karl, alikuwa tabibu mkuu wa magonjwa ya akili, na mwaka 1912 wote walihamia Berlin. Hawakuwa watu wa kwenda kanisani sana. Kaka yao Walter alikufa vitani mwaka 1918, na mama yao akazidiwa na huzuni kwa muda mrefu. Dietrich alipotangaza kwamba atasoma theolojia, kaka zake walimkebehi na kumwonyesha jinsi Kanisa lilivyo dhaifu. Hakugeuka. Mwaka 1927, akiwa na miaka 21, alipata udaktari kwa kitabu juu ya ushirika wa watakatifu. Kwa maoni yetu alijua kulieleza Kanisa kabla hajajua kukaa ndani yake, na hilo si ajabu, maana ndivyo tulivyo wengi.

Mwaka 1930 alikwenda kusoma New York. Huko mwanafunzi mwenzake mweusi, Frank Fisher, alimpeleka kwenye kanisa la Wabaptisti la Abyssinian, mtaa wa Harlem, akawa akifundisha watoto wa shule ya Jumapili. Aliona Wakristo waliofungiwa milango na Wakristo wenzao kwa ajili ya rangi, na aliona furaha ya ibada yao ambayo hakuwa ameiona penginepo. Alirudi nyumbani mwaka 1931 na sahani za santuri za nyimbo zao.

Huko Berlin alipewa darasa la kipaimara katika kanisa la Zion, mtaa wa watu maskini. Wavulana walikuwa 50 hivi, na hakuna aliyewaweza. Siku ya kwanza, alipokuwa akipanda ngazi pamoja na mchungaji mzee, waliwatupia takataka kutoka juu, kisha wakalipigia kelele jina lake. Yeye alisimama ukutani kimya, mikono mifukoni, hata walipochoka. Ndipo akaanza kusema polepole, na waliotaka kusikia ikawapasa kunyamaza. Akawasimulia habari za Harlem. Baadaye alipanga chumba karibu nao, wavulana wakawa wakiingia watakapo. Ilipokaribia siku ya kipaimara alinunua jora la kitambaa, akamkatia kila mmoja cha kushona suti.

Mtu angedhani mchungaji wa namna hii hawezi kumfungia mtu mlango. Lakini ndipo tufikapo mwaka 1933, na hatuwezi kupita hapo haraka.

Mwezi Januari mwaka ule Hitler alishika serikali. Mwezi Aprili ilitoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali, na wengi ndani ya Kanisa wakataka sheria hiyo iingie kanisani, hata mchungaji aliyebatizwa na kuwekewa mikono aondolewe kwa sababu tu ya damu ya babu zake. Bonhoeffer alikuwa katika wa kwanza kabisa kusema na kuandika kwamba Kanisa linalofanya hivyo limeacha kuwa Kanisa. Sasa, pacha wake Sabine alikuwa ameolewa na Gerhard Leibholz, Mkristo aliyezaliwa katika jamaa ya Kiyahudi. Katika siku zile zile za Aprili baba mzazi wa Gerhard alifariki, naye hakuwa amebatizwa. Jamaa walimwomba Dietrich aendeshe maziko. Akaenda kuuliza kwa mkubwa wake wa Kanisa. Mkubwa akamshauri asikubali wakati kama huu. Naye akakataa.

Fikirini, wapenzi. Mtu yule aliyewafundisha wengine kusimama na Wayahudi hakusimama kaburini mwa baba mkwe wa dada yake. Hakuna aliyemlaumu hadharani, na angeweza kujitetea kwa kanuni za Kanisa mpaka watu wachoke. Mwezi Novemba, akiwa London, aliwaandikia Sabine na Gerhard barua. Aliwaambia kwamba jambo lile linamtesa, kwamba haelewi alipatwaje na hofu ile, kwamba alipaswa kutenda kinyume kabisa, akawaomba wamsamehe. Nao wakampokea. Sisi tunaamini kwamba yote aliyofundisha baadaye juu ya kuungama yana mzizi wake katika barua ile, ingawa yeye mwenyewe hakusema hivyo.

Alikuwa London tangu Oktoba 1933 akichunga makanisa mawili ya Wajerumani, na huko alifanya urafiki mkubwa na Askofu George Bell wa Chichester. Kwa msaada wa Askofu huyo, mapema mwaka 1935 alitembelea nyumba za watawa wa Kianglikana. Mojawapo ilikuwa Mirfield, ya Jumuiya ya Ufufuo, ile ile aliyotoka Askofu Trevor Huddleston, ambaye Masasi walikuwa naye tangu 1960 hadi 1968. Bonhoeffer alitazama jinsi ndugu wale walivyosali zaburi kwa saa zake. Alikuwa amekwisha kuitwa kwenda kusimamia chuo.

Wachungaji waliokataa kumtii Hitler katika mambo ya Kanisa walikuwa wameunda Kanisa la Wakiri Imani, nao walihitaji mahali pa kuwaandaa vijana wao. Chuo kilianza Aprili 1935 pwani ya Zingst. Mwezi Juni kikahamia Finkenwalde, karibu na mji wa Stettin, katika nyumba kubwa iliyokuwa tupu. Viti na vitanda viliombwa kwa washarika. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 23 hivi. Mkuu wao, mwenye miaka 29, aliwaletea vitabu vyake, na zile santuri za Harlem.

Siku za mwanzo habari ilitoka jikoni kwamba wanahitajika watu wa kuosha vyombo. Hakuna aliyeinuka. Bonhoeffer akasimama bila neno, akaingia jikoni, na wengine walipomkimbilia kwa aibu hakuwafungulia. Hakuhubiri juu ya jambo lile.

Kila asubuhi ilikuwapo nusu saa ya kukaa kimya na kutafakari fungu lile lile la Maandiko kwa juma zima. Vijana walinung'unika, wengine walisinzia, wengine walivuta kiko, na alipokuwa safarini walitaka kuiacha. Kanuni nyingine ilikuwa ngumu zaidi. Mtu asimseme ndugu yake asipokuwapo. Na akiteleza akamsema, sharti aende kwake na kumweleza alichosema. Waliokaa Finkenwalde walikuja kusema kwamba walijifunza zaidi kwa kuivunja kanuni hii na kuanza tena kuliko kwa mahubiri na masomo yote. Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu jinsi maneno yanavyokwenda baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama chini ya mwembe. Jaribuni kanuni hii juma moja tu.

Kabla ya Ushirika Mtakatifu, siku ya Jumamosi, aliwaomba wapatane, kila mwenye neno na mwenziwe alimalize. Tena aliwafundisha kwamba ndugu anaweza kumwendea ndugu mmoja faraghani na kuungama dhambi zake kwa kuzitaja. Kwa Walutheri wa wakati ule hilo lilikuwa jambo geni, na wengi walilishuku kuwa la Kirumi. Hakumlazimisha mtu. Lakini siku moja yeye mwenyewe, mkuu wa chuo, alimwendea mmoja wa vijana wale, asiye na uzoefu wowote wa kazi hiyo, akamwomba asikilize maungamo yake. Tokea siku hiyo wengine nao walianza kwenda, bila kutangaziana.

Ni jambo la kutazamwa kwamba mwaka huo huo wa 1935, bila watu hawa kujuana, ndugu kutoka Gahini, Rwanda, walikwenda Kabale nchini Uganda, na uamsho wa watu kuungama dhambi na kurudisha vitu walivyoiba ukazidi kuenea Afrika Mashariki. Huko waliungama mbele ya kusanyiko. Finkenwalde mbele ya mtu mmoja. Hatuingii katika kubishana ipi ni njia bora. Kila njia ina hatari yake: maungamo ya wengi yanaweza kugeuka maonyesho, na ya faragha yanaweza kugeuka mazoea.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kuridhia kila kitu. Mwaka 1936 aliandika makala kali mno juu ya wale waliojitenga na Kanisa la Wakiri Imani kwa kujua, akisema kwamba kujitenga huko ni kujitenga na wokovu. Maneno yale yaliumiza wengi, na sisi tunaona alipita kiasi. Lakini hakuyasema nyuma ya migongo yao.

Mwezi Septemba 1937 polisi wa siri walikifunga chuo. Kabla ya mwaka kwisha wanafunzi wake 27 walikuwa wamekwisha kukamatwa. Vita vilipokuja wengi waliitwa jeshini, na wengi hawakurudi. Aliendelea kuwaandikia waliobaki barua za pamoja zenye majina ya waliokufa.

Mwezi Septemba 1938 ilimlazimu Sabine na Gerhard kukimbia na watoto wao. Dietrich na rafiki yake Eberhard Bethge waliwasindikiza sehemu ya njia kwa gari, nao wakavuka kwenda Uswisi, hatimaye Uingereza. Nyumba yao ya Göttingen ikabaki tupu. Ni katika nyumba hiyo, majuma machache baadaye, Bonhoeffer aliketi kwa muda wa juma 4 akaandika kitabu juu ya maisha ya pamoja, kilichotolewa mwaka 1939. Humo anaeleza kwamba watu wanaweza kusali pamoja, kuimba pamoja na kula pamoja, na bado kila mmoja akawa mpweke kabisa, kwa sababu wameshirikiana kama watu wema na si kama wakosaji. Na mahali ambapo mkosaji haruhusiwi kuwapo, kila mtu huficha yake. Anaeleza pia kwamba mtu apendaye ndoto yake ya kanisa zuri kuliko ndugu halisi aliopewa, huyo huliharibu, hata nia yake ikiwa njema. Aliandika hayo juu ya meza ya shemeji yake aliyefukuzwa, ambaye aliwahi kumnyima maziko ya baba yake.

Juni 1939 marafiki walimpa kimbilio Marekani. Alikaa majuma machache tu, akarudi Ujerumani, kwa kuwa hakuona atakavyoweza kuwatumikia watu wake baada ya vita kama hakushiriki mateso yao. Kwa njia ya shemeji yake mwingine, Hans von Dohnanyi, aliingia kati ya waliopanga kumwondoa Hitler. Wakati huo aliandika maungamo ya dhambi za Kanisa lenyewe, na kati yake dhambi ya kunyamaza damu ya wasio na hatia ilipokuwa ikilia. Hakuandika kama mtu aliye nje.

Alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943, muda mfupi baada ya kumchumbia Maria von Wedemeyer, akafungwa Tegel, Berlin. Walinzi walimwona ametulia kama bwana katika nyumba yake. Lakini kwa Bethge aliandika kweli yote, hata katika shairi la mwaka 1944: kwamba ndani ana wasiwasi na uchovu, wala hajui yeye ni yupi kati ya hao wawili.

Jumapili tarehe 8 Aprili 1945 alikuwa pamoja na wafungwa wengine katika chumba cha shule huko Schönberg. Waliomba awaendeshee ibada. Akasita, maana wengi walikuwa Wakatoliki, na mmoja, Kokorin, alikuwa Mrusi asiye na dini, naye hakutaka kumlazimisha. Kokorin mwenyewe alikubali, ndipo Bonhoeffer akaanza. Mara tu alipomaliza waliitwa watu wa kumchukua. Asubuhi yake alinyongwa Flossenbürg, mwenye miaka 39.

Tarehe 27 Julai mwaka huo ilifanyika ibada ya kumkumbuka katika kanisa la Utatu Mtakatifu, Brompton, London. Sabine na Gerhard walikuwamo. Askofu Bell alihubiri. Na pamoja naye alihubiri Franz Hildebrandt, rafiki wa Bonhoeffer tangu ujanani, mchungaji ambaye sheria ile ya damu ingemwondoa kwa sababu mama yake alikuwa Myahudi. Ibada ilitangazwa kwa redio ya BBC, na katika Berlin iliyobomoka baba na mama yake, wazee, walikuwa wamekaa wakisikiliza.