Dk. Karel Styblo na safari ya tiba ya kifua kikuu: kutoka kisu cha mpasuaji hadi dawa ya zahanati

Na Mwandishi Wetu

Mkazi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega anayegundulika leo kuwa na kifua kikuu hupimwa makohozi, huandikishwa katika rejesta na kuanzishiwa dawa za kumeza kwa muda wa miezi sita, bila malipo, katika kituo cha huduma za afya cha umma. Wagonjwa wengi huendelea kuishi nyumbani kwao wakati wote wa matibabu. Ni wachache sana wanaohitaji kupasuliwa kifua.

Hali haikuwa hivyo siku zote. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, upasuaji wa kifua duniani ulikua kwa sehemu kubwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Kwa kuwa hapakuwa na dawa ya kuua vimelea, madaktari walijaribu kulipumzisha pafu lililoathirika ili kidonda kilichomo kipate kufunga. Njia nyepesi ilikuwa kupenyeza hewa kwa sindano kati ya pafu na ukuta wa kifua ili pafu linywee, na kazi hiyo ilirudiwa mara kwa mara kwa miezi au hata miaka. Njia nzito ilikuwa kuondoa mbavu kadhaa upande wenye ugonjwa ili ukuta wa kifua ubonyee na kulikandamiza pafu moja kwa moja. Wapo waliopona kwa njia hizo, lakini wengi walibaki na bega lililoinama na pumzi fupi maisha yao yote.

Tiba ya namna hiyo ilihitaji wapasuaji, wataalamu wa nusukaputi, damu na vitanda vingi, vitu ambavyo Tanganyika ilikuwa navyo kwa uchache mno. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, iliwapokea wagonjwa wa kifua kikuu kwa ajili ya mapumziko, lishe na hewa safi. Mgonjwa aliyetoka vijiji vya Usukuma alikuwa mbali nayo kwa mamia ya kilomita. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kwa hesabu hiyo, kisu cha mpasuaji kisingeweza kuwa jibu la taifa zima.

Miongoni mwa waliosaidia kupatikana kwa jibu jingine, na kulithibitisha hapa nchini, ni Dk. Karel Styblo.

Kutoka kambi ya mateso hadi udaktari

Dk. Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen, nchini Austria, na humo aliambukizwa kifua kikuu. Alinusurika vita na ugonjwa, akasomea udaktari mjini Prague, kisha akaamua kuyatoa maisha yake yote ya kazi kwa maradhi yaliyokaribia kumuua.

Katika miaka ya 1960 alishiriki katika utafiti mkubwa uliofanyika wilaya ya Kolin, nchini mwake. Wakazi wa wilaya hiyo walipigwa picha za eksirei kwa awamu, ili wagonjwa wote wagunduliwe mapema. Matokeo yaliwashangaza wataalamu wengi. Sehemu kubwa ya wagonjwa wenye kuambukiza hawakupatikana kwa eksirei hizo. Walianza kuugua katikati ya awamu mbili, wakaenda wenyewe kituoni kwa sababu walikuwa wanakohoa, na kipimo cha makohozi kwa darubini kilitosha kuwabaini.

Somo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa nchi zisizo na mitambo ya gharama. Mgonjwa anayekohoa akikuta kituo kilicho wazi, darubini inayofanya kazi na mhudumu aliyefundishwa, ugonjwa unaweza kugundulika hata mahali pasipo na eksirei.

Baadaye Dk. Styblo alihamia Uholanzi, ambako aliongoza kitengo cha kimataifa cha utafiti wa mwenendo wa kifua kikuu mjini The Hague. Kisha alikuwa mkurugenzi wa shughuli za kisayansi wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, wenye makao yake makuu Paris, Ufaransa.

Kazi yake Tanzania

Wakati huo dawa zilikwishapatikana. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952, na rifampisini ikafuata katika miaka ya 1960. Katika nchi zilizoendelea, upasuaji wa kuondoa mbavu ulitoweka haraka na hospitali za mapumziko zikafungwa moja baada ya nyingine. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki zilizoshiriki, katika miaka ya 1970, majaribio yaliyoonesha kuwa tiba iliyo na rifampisini inaweza kufupishwa kwa miezi mingi.

Hata hivyo, kuwapo kwa dawa hakukuwa na maana kwamba wagonjwa wanapona. Tiba ya zamani ilichukua mwaka mzima au zaidi. Baada ya wiki chache za matibabu kikohozi hupungua, homa huondoka na nguvu hurejea. Mkulima huuona msimu wa kupanda pamba umefika, mfugaji huifuata mifugo yake malishoni, na dawa huachwa njiani. Vimelea vilivyosalia huweza kuamka upya, na safari hii vinaweza kuwa sugu.

Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania, kwa ushirikiano na umoja huo wa kimataifa, ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Dk. Styblo akawa mshauri wake mkuu wa kitaalamu, akifanya kazi bega kwa bega na madaktari wa Wizara ya Afya. Mpango haukujenga hospitali mpya za kifua. Ulitumia hospitali, vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo, na wilaya ikafanywa kuwa kitovu cha kazi. Kila wilaya ilipata mratibu wa kifua kikuu na ukoma, aliyezunguka vituoni kukagua darubini, dawa na rejesta. Miaka hiyo eneo la Bariadi lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Rejesta ndiyo iliyokuwa silaha ya Dk. Styblo. Kila mgonjwa aliandikwa, na kila robo mwaka wilaya ilitoa hesabu ya walioanza tiba pamoja: wangapi wamepona, wangapi wamefariki, wangapi wameacha dawa na wangapi wamehamia kwingine. Hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kupotea bila maelezo. Kwa takwimu hizo, wizara iliweza kuona ni wilaya ipi inafanya vizuri na ipi inahitaji msaada.

Rejesta hizo zilionesha kwamba kwa tiba ndefu ya zamani wagonjwa wengi mno walikuwa hawaponi. Katika miaka ya 1980 mpango ukaingiza tiba ya miezi minane. Katika miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alipewa dawa nne, ikiwamo rifampisini, mbele ya macho ya mhudumu wa afya kila siku, na wengi walilazwa kwa kipindi hicho. Baadhi ya wataalamu wa nje walipinga. Walidai kuwa rifampisini ni ghali mno kwa nchi maskini, na kwamba ikitumiwa ovyo itazaa usugu. Dk. Styblo alikubali kwamba hatari hiyo ipo, ndiyo maana akasisitiza usimamizi. Matokeo yakamtetea: takriban wagonjwa wanane kati ya kila 10 waliotibiwa walipona.

Mfano wa Tanzania waenea duniani

Utaratibu uliothibitishwa Tanzania ulipelekwa Malawi, Msumbiji, Benin na Nicaragua. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliitaja tiba hiyo fupi kuwa miongoni mwa huduma za afya zenye tija kubwa kuliko gharama zake. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa janga la dharura la dunia, na mwaka 1995 likaueneza mkakati uliojengwa juu ya misingi hiyohiyo. Dk. Styblo alifariki dunia Machi 1998.

Hakufa akiwa ameona ushindi kamili. Ugonjwa wa UKIMWI, uliobainika nchini mwaka 1983, uliharibu mahesabu yote. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa kwa mwaka waliongezeka kutoka takriban 12,000 hadi zaidi ya 60,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Usugu wa dawa nao ulijitokeza, na mwaka 2009 Kibong'oto ikaanza kutoa tiba ya kifua kikuu sugu. Lakini mtandao wa waratibu, darubini na rejesta ulikuwa tayari umesimama, na ndio uliolipokea wimbi hilo.

Upasuaji wa kifua leo

Upasuaji wa kifua haukufa, umebadilika kazi. Mwaka 2008 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji wa moyo wa kufungua kifua, na tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kwa wananchi wa Simiyu, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, jijini Mwanza. Wapasuaji wa kifua sasa hushughulikia moyo, saratani, majeraha ya ajali na usaha uliojaa kando ya pafu.

Bado wapo wanaofika kwao kwa sababu ya kifua kikuu. Hao aghalabu ni waliochelewa kupimwa, walioacha dawa au waliopata usugu, hadi pafu likaharibika kabisa au wakawa wanakohoa damu. Kwao kisu ni njia ya mwisho, na si kila pafu lililoharibika linaweza kuokolewa.

Funzo la maisha ya Dk. Styblo kwa mwananchi wa leo ni kwamba njia ya kuepuka kisu huanzia zahanati ya jirani. Mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayepata homa za jioni, anayetokwa na jasho jingi usiku au anayepungua uzito bila sababu anapaswa kwenda kupimwa. Aliyeanza dawa anapaswa kuzimaliza zote, hata kama anajisikia amepona. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya huduma za afya vya umma nchini kote.